Chumvi ya Oiva

Oiva Lampela alifariki tarehe kumi na tatu Februari, kabla ya saa sita mchana, juu ya paa la sauna yake, kibanda cha kuogea mvuke, akiondoa theluji. Moyo ulisimama. Mkewe, Hilkka, alikuwa jikoni anamenya viazi. Alisikia koleo likiteleza kwenye bati, kisha kukawa kimya, akadhani kazi imekwisha. Akaendelea na viazi kama dakika kumi hivi.

Hayo aliniambia mwenyewe, baadaye sana, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni.

Mimi naitwa Ensio Rautio. Nilichimba zinki pale Kuusivaara miaka kumi na tisa, mpaka zinki ikaisha. Wenzangu wengi walihama. Mimi nilibaki kwa sababu wanafizikia walikuja kulitaka lile shimo letu tupu, nao walihitaji fundi wa mabomba. Shimo lina kina cha mita elfu moja na mia nne. Juu duniani kila kitu kinanyeshewa na chembe kutoka angani, usiku na mchana, na chombo cha kupimia kinachanganyikiwa kama mtu anayejaribu kusikia saa ya mkononi ndani ya karakana. Kule chini, mwamba umezuia karibu zote. Kuna kimya.

Oiva na Hilkka walikuja pamoja, wote wawili wanafizikia, wakanunua nyumba ya daktari wa zamani kando ya ziwa. Hawakuwa na watoto. Walikuwa na pipa. Ndani ya pipa mna tani tano za zenoni, gesi iliyopozwa mpaka ikawa majimaji, na limezungukwa na macho mia tatu ya kunasa mwanga hafifu kabisa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha majimaji yale hayapati joto wala uchafu. Kazi yao ilikuwa kungoja yamweke.

Wanachokitafuta hakionekani. Galaksi zinazunguka kwa kasi kubwa kuliko uzito wa nyota zake unavyoweza kustahimili. Kwa hesabu tulizonazo zilipaswa kusambaratika zamani. Hazisambaratiki. Kwa hiyo mna kitu kingine ndani yake, kizito mara tano hivi kuliko vyote tunavyoviona, kisichotoa mwanga wala kutupa kivuli. Wanakiita maada giza. Kinatupita mwilini hata sasa hivi unaposoma, na hakuna anayejua ni nini. Matumaini ni kwamba mara moja moja, labda mara mbili kwa mwaka, chembe yake moja itagonga chembe ya zenoni, na pipa litamweka kidogo.

Sasa, watu wanaongoja kitu kwa miaka mingi wanakitamani, na anayetamani hujidanganya. Kwa hiyo wanatiana chumvi. Kwetu maana yake si kuzidisha hadithi, ingawa haiko mbali sana. Mtu mmoja anachaguliwa, na huyo anaingiza kwenye kumbukumbu za pipa mimweko ya uongo, iliyotengenezwa ifanane kabisa na ya kweli. Wengine hawajui ni mingapi wala ni ipi. Wanachambua yote kwa haki sawa, wanaamua kipi kibaki na kipi kitupwe, wanafunga kazi, na hapo ndipo mtia chumvi anatoa orodha yake. Kinachosalia baada ya kuondoa chumvi, kama kipo, ndicho jibu.

Mtia chumvi wetu alikuwa Oiva. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi alijifungia chumbani mwake nusu saa, nasi tulipita mlangoni tukimwuliza kama leo katia kijiko au gunia. Hata Hilkka hakuambiwa kitu. Walilala kitanda kimoja, na hilo halikuwahi kuzungumzwa.

Baada ya mazishi Hilkka alirudi kazini siku ya tatu. Risto Vaulo, aliyekuwa naibu wa Oiva na sasa akawa kiongozi, alimwambia akapumzike hata mwezi mzima. Hilkka alimjibu kwamba ameshapumzika. Alifanya zamu zake zote na za watu wengine. Alirudisha vyombo vyote vya watu waliomletea chakula, kila bakuli kwa mwenyewe, limeoshwa. Watu walimkumbatia naye alisimama tu mpaka wamalize. Siku moja kwenye lifti, tukishuka, nilimwuliza anaendeleaje, swali la kijinga lakini lifti inachukua dakika tatu. Akaniambia, "Unajua ukilalia mkono ukafa ganzi? Unaushika, unaona ni wako, lakini kama nyama ya mtu mwingine. Basi hivyo."

Nikamwambia ganzi ya mkono huisha. Akasema ndiyo, anajua.

Orodha ya chumvi haikupatikana. Walitafuta chumbani kwa Oiva, nyumbani, kwenye kompyuta zake mbili. Programu aliyotumia ilitengenezwa isiache alama yoyote, na kwa hilo ilikuwa nzuri mno. Risto alisema tusiwe na haraka, kumbukumbu zitaendelea kukusanywa mpaka mwisho wa Mei. Lakini alikuwa akitembea huku na huku na simu sikioni. Ni mwanamume wa miaka arobaini na minne, mkimbiaji, mwenye mapacha, na washirika wetu wa Uholanzi na Ureno walikuwa wanampigia kila siku.

Hapo tulikuwa na mimweko minane iliyopita vipimo vyote. Kwa kawaida uchafu, yaani mionzi midogo ya mwamba na mabomba yenyewe, ungetoa mmoja hivi. Minane ni mingi, lakini ingeweza kuwa chumvi yote.

Ndipo ikaja tarehe kumi na nne Aprili, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Hilkka alikuwa zamu, mimi nilikuwa chumba cha pampu. Aliniita kwenye redio akaniuliza kama nimegusa kitu. Sikuwa nimegusa kitu. Akaniuliza mgandamizo, nikamsomea. Akauliza joto, nikamsomea. Akasema basi njoo.

Kwenye kioo palikuwa na nukta moja. Mimi si msomi, lakini kwa miaka ile nilishaona nukta nyingi, na hii ilikuwa katikati kabisa ya pipa, mbali na kuta zote, safi. Hilkka aliniambia haijawahi kutokea nzuri kama hii. Alisema hivyo bila kuinua macho, kisha akasema, "Ensio, Oiva amekufa miezi miwili sasa."

Nilimwambia najua.

"Basi nani ameitia?"

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikaelewa. Ufunguo wa ile programu alikuwa nao Oiva peke yake. Aliyekuwa na uwezo wa kutudanganya alikuwa makaburini, chini ya ardhi iliyoganda, ambayo walilazimika kuiyeyusha kwa moto kabla ya kuichimba. Kwa hiyo huu haukuwa uongo wa mtu.

Nilimtazama Hilkka nione furaha. Hakukuwa na kitu. Aliandika saa kwenye daftari, akaomba nimletee kahawa. Baadaye aliniambia alijua kabisa kwamba anapaswa kufurahi, na kwamba aliingoja ile furaha siku nzima kama unavyongoja fundi aliyesema atakuja kati ya saa mbili na saa kumi.

Risto yeye alifurahi kwa niaba ya wote. Alihesabu na kuhesabu tena. Uwezekano wa uchafu kumweka vile, mahali pale, ulikuwa mdogo sana. Alikubali kwamba mmweko mmoja hauthibitishi kitu. Lakini ungekuwa wa kwanza. Ungemaanisha kwamba kitu kile kipo kweli, kwamba kinagusika, kwamba anayejenga pipa mara kumi kubwa kuliko letu ataona kumi, na mara mia ataona mia. Aliongea kuhusu mapipa ya baadaye mpaka supu yake ikapoa. Aliniuliza kama mgodi wetu una pango la kutosha tani hamsini. Nikamwambia pango lipo, ila lifti itabidi ivunjwe.

Mwezi Juni, Alhamisi, siku ya supu ya njegere, tulikuwa kantini, na Risto alikuwa akilalamika tena kuhusu orodha. Alisema bila orodha tutalazimika kuandika ripoti ya aibu, yenye mimweko tisa na maelezo kwamba hatujui ni mingapi tumejitengenezea wenyewe. Mpishi wetu, Sisko Keränen, alikuwa akifuta meza ya jirani. Sisko ana miaka sitini na nane. Aliwapikia wachimbaji kabla ya kuwapikia wanafizikia, na jina lake kwetu maana yake ni dada, hivyo hata wazee wanamwita hivyo bila hiari.

"Karatasi ya Oiva?" akasema. "Ninayo mimi."

Kijiko cha Risto kilibaki hewani. Alimwuliza iko wapi. Sisko akasema kwenye friza, chini ya matunda ya msituni, ndani ya plastiki. Risto akamwuliza, kwa upole mkubwa sana, kwa nini hakusema miezi yote hiyo.

"Hamkuniuliza. Mlikuwa mnaulizana wenyewe kwa wenyewe."

Risto alisimama palepale aifuate. Sisko akaweka kitambaa chini na kusimama mlangoni mwa jikoni. Si mwanamke mkubwa. Akasema Oiva alimwelekeza: asitoe bahasha mpaka aone karatasi yenye sahihi ya kila mmoja, inayosema kazi imefungwa na hakuna kitakachobadilishwa tena. Risto alimweleza kwamba Oiva hakujua kwamba atakufa. Kwamba sasa yeye ndiye kiongozi. Kwamba washirika wamesubiri vya kutosha. Alieleza vizuri kabisa, na kila alipomaliza Sisko aliuliza, "Sahihi ziko wapi?"

Wiki ile Risto alimwomba Hilkka akazungumze naye. Mjane, alisema, hatamkatalia mjane mwenzake. Hilkka alikwenda, si kwa kutaka sana. Alikuwa akifanya kila alichoombwa siku hizo. Alimkuta Sisko anapara samaki, akamweleza alichotumwa. Aliniambia maneno yenyewe yalivyokuwa.

"Alisema nisimpe mtu," Sisko alimwambia. "Nikamwuliza, hata Hilkka? Akasema, hasa Hilkka."

"Kwa nini hasa mimi?"

"Alisema wewe ndiye pekee utakayejua namna ya kunishawishi."

Hilkka akamwambia kwamba hana namna yoyote. Sisko akamtazama, akasema anaona hivyo, na akampa kisu amsaidie samaki. Walimaliza ndoo nzima. Hilkka alirudi juu ofisini akamwambia Risto kwamba haiwezekani, fungeni kazi. Nilipomwuliza kama maneno ya Oiva yalimuudhi au yalimfurahisha, alifikiri, akasema yalikuwa kama barua iliyoletwa nyumba siyo.

Basi tukafunga kazi. Ilichukua mpaka mwisho wa Agosti. Kila mmweko ulipitiwa upya, na mmoja ukabishaniwa wiki mbili. Ule wa tarehe mbili Mei, uliowekwa kando tangu mwanzo bila kuhesabiwa, tuliutupa kwa sababu yangu, maana siku ile nilibadilisha pampu na nilikuwa nimeandika kwamba ilitetemeka. Kuhusu ule wa Aprili walinihoji kama polisi. Nilisema nilichosema mwanzo. Watu wa Ureno waliuchambua kwa njia yao, wa Uholanzi kwa njia yao, wote wakasema ni safi. Risto alishaandika rasimu mbili za makala. Moja ilisema hatukuona kitu. Nyingine hakumwonyesha mtu, lakini niliiona mezani kwake. Ilikuwa ndefu zaidi.

Sahihi zilikuwa kumi na nne, pamoja na yangu. Alhamisi ya mwisho ya mwezi, baada ya chakula, Sisko alivaa miwani akazisoma zote, moja baada ya nyingine, akalinganisha na majina aliyoyajua. Kisha akaenda jikoni akarudi na bahasha yenye baridi. Alimpa Hilkka. Risto hakupinga.

Hilkka aliifungua kwa kisu cha siagi na kumpa Risto karatasi asome. Mimi nilisimama ubaoni, penye orodha ya mimweko tisa iliyobaki. Washirika walikuwa kwenye skrini kubwa, nyuso ndogondogo, nyingine zinakula. Risto akasoma tarehe ya kwanza, ya Septemba. Nikaikata ubaoni. Akasoma ya pili, ya Oktoba. Nikakata. Alisoma kwa mpangilio, sauti yake shwari, na kila aliposoma nilikuta mmweko wake ubaoni na kupitisha mstari. Oktoba. Novemba mara mbili. Desemba. Januari mara mbili. Sita Februari. Ikawa minane, imekwisha yote ya kabla ya kifo, na ubaoni umebaki mmoja tu, ule wa Aprili.

Risto alikuwa bado anaitazama karatasi.

"Kumi na nne Aprili," akasema. "Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi."

Nami sikukata, nilisahau kwamba ni kazi yangu. Hilkka akasema, "Kata, Ensio." Nikakata.

Palikuwa na mstari wa kumi, tarehe mbili Mei. Ule niliuua mimi na pampu yangu. Kwa hiyo chumvi ilikuwa kumi, tukaikamata tisa, na chini yake hakukuwa na kitu. Ubao wote mistari. Mtu wa Uholanzi alikohoa akasema kwamba kwa upande wa mbinu ni matokeo mazuri sana. Alisema kweli.

Risto alikaa chini. Akauliza swali tulilopaswa kujiuliza wote tangu mwanzo: amewezaje? Jibu lilikuwa rahisi, mtoto wa shule angelifikia. Programu ile ilikuwa na uwezo wa kupewa tarehe za mbele na kuzitoa yenyewe zikifika. Tulijua. Lakini miaka yote Oiva alitia kwa mkono, mwezi kwa mwezi, na sisi tulizoea ule mlango uliofungwa wa Jumatatu. Hata Januari na Februari alijifungia kama kawaida. Sijui alikuwa akifanya nini mle ndani. Labda alisoma gazeti.

Hilkka aliichukua karatasi. Aliitazama muda mrefu, kisha akaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu. Akaigeuza tena mbele na kumwita Sisko, aliyekuwa ameanza kukusanya vikombe.

Alimwonyesha kwa kidole. Mistari mitano ya kwanza iliandikwa kwa kalamu tofauti, mmoja mweusi, mmoja wa risasi, kama mtu anavyookota kalamu yoyote iliyo karibu. Mitano ya mwisho yote ilikuwa wino mmoja wa buluu, herufi zimelala upande uleule. Iliandikwa kwa kikao kimoja.

"Hii alikupa lini?"

"Kabla ya Krismasi. Siku moja au mbili baada ya kutoka kwa daktari."

"Daktari gani?"

Sisko aliweka vikombe chini polepole. Alisema Oiva alimwambia kwamba wamempima moyo mjini na haukuwa mzuri, na kwamba anataka kupanga kazi yake ifike Mei, awepo asiwepo. Alisema, "Nilidhani unajua, Hilkka. Mke asijue vipi?"

Hilkka akasema hakujua.

Watu wakaanza kuangalia sahani zao. Risto aliwaaga wale wa kwenye skrini na kuizima. Hilkka aliikunja karatasi mara mbili, akakumbuka kwamba ni kumbukumbu ya maabara, akaikunjua na kumkabidhi Risto. Alisema ana zamu saa tisa. Nilimwambia nitaichukua mimi. Akasema hapana, na akaenda kuvaa kofia.

Tulishuka pamoja. Kwenye lifti nilikuwa nikitazama taa za ngazi za mgodi zikipita. Halafu akaongea, na sauti haikuwa ile ya ratiba ya treni.

"Chumvi alipaswa kunificha. Ile ilikuwa kazi yake, nilimpigia kura mimi mwenyewe. Lakini moyo? Nani alimpigia kura hiyo?"

Taa nyingine ikapita.

"Nilimwacha apande juu ya paa, Ensio. Nilimpa koleo mkononi. Mpumbavu yule. Mpumbavu kabisa."

Alisema neno jingine ambalo wachimbaji hulitumia, na ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Mikono yake ilikuwa imejikunja ngumi yenyewe, akaitazama kama mtu aliyeona kitu kinasogea mahali ambapo hakikutarajiwa. Lifti ikasimama. Alitoka, akawasha taa za njia, akaenda kwenye zamu yake. Alilala vizuri usiku ule, aliniambia, kwa mara ya kwanza, kisha akaamka bado amekasirika, akapiga ukuta wa chumbani kwa kiatu. Kiatu cha Oiva.

Sitaki kusema kwamba alipona. Siku nyingi za vuli alirudi kuwa vilevile, anajibu unachouliza na si zaidi. Hasira ilikuja na kuondoka, siku mbili kwa wiki, kisha tatu. Aliniambia ni afadhali.

Makala ilitoka Oktoba, ile fupi. Ilisema kwamba baada ya siku mia mbili na sabini na mbili pipa la Kuusivaara halikuona maada giza, na kwamba kama ipo, basi inagusana na vitu vyetu kwa udhaifu zaidi ya kiasi fulani, tarakimu yenye sifuri nyingi mbele yake. Hilkka ndiye aliyeandika sentensi ile ya mwisho. Gazeti la mkoa lilituandika kwenye ukurasa wa kumi na moja, chini ya habari za mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu. Sisko aliikata akaibandika kantini, na siku hiyohiyo akamwuliza Hilkka kile ambacho wote tulikuwa tukiona haya kuuliza: sasa kama hamkuona kitu, miaka yote hii mmepata nini?

Hilkka alikuwa anapaka siagi mkate mweusi. Alisema wamejua mahali ambapo hakipo.

"Kama mimi na miwani yangu," Sisko akasema. "Najua sehemu hamsini ambazo haipo."

"Ndiyo. Lakini miwani unajua ilivyo. Hiki hatujui hata kama ni kitu kimoja au vingi. Inawezekana tunakosea hata kuhusu uzito wenyewe, na hakuna chochote humo, ila sheria ya mvutano ndiyo tumeiandika vibaya."

"Na utajua lini?"

"Mimi? Labda sitajua."

Alisema hivyo bila uchungu na akala mkate. Sisko alimwongezea kahawa.

Novemba washirika walikubaliana juu ya pipa jipya la tani arobaini, na pango letu likachaguliwa. Lifti itavunjwa kweli, nilishawaambia. Kulijenga ni miaka mitano, kulisikiliza miaka saba au nane. Risto alikuja na mpango mkononi na kumwomba Hilkka awe mtia chumvi. Alimweleza kwamba hakuna anayeaminika kuliko yeye, na kwamba ingekuwa heshima kwa Oiva. Ni mtu mwema, Risto, ingawa haachi kuongea.

Hilkka alimsikiliza mpaka mwisho. Ana miaka hamsini na tisa. Pipa lile likimaliza kazi atakuwa na zaidi ya sabini. Alimwambia hapana. Anayetia chumvi haruhusiwi kuchambua, alisema, anakaa pembeni akijua, na yeye hataki kukaa pembeni akijua. Risto amtafute mtu mwingine wa kumdanganya yeye kama wengine.

"Mimi nataka kutafuta," alisema.

Risto akaandika jina lake kwenye safu nyingine, ya wachambuzi. Jumatatu iliyofuata tulishuka wote watatu na utepe wa kupimia, tukaanza kupima pango, na Hilkka alishika utepe upande wa ukutani huku akinisomea namba.